Mbwa nisiyemjua ameniuma, leo ni siku ya nne: hatari yangu ni kiasi gani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Jumamosi jioni mbwa ambaye hakuna anayemjua alipita nje ya nyumba yetu, akaniuma kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto, juu ya suruali. Sikumchokoza, nilikuwa nimesimama naanua nguo. Meno mawili yaliingia, damu ikatoka kidogo. Mwanangu wa miaka 6 alipokuja mbio, mbwa akamparuza mkono kwa meno, ngozi ikawa nyekundu bila kutoa damu. Vijana wakamuua mbwa, wakamzika. Nilisuuza kidonda kwa maji nikakifunga. Sasa kimekauka, ila kinawasha. Baba yangu anasema enzi zao waliumwa wengi na hawakufa, tena sindano zenyewe ni nyingi na huchomwa tumboni. Ninanyonyesha mtoto wa miezi 4. Niambie ukweli: uwezekano wa mimi kupata kichaa cha mbwa ni asilimia ngapi? Na je, nimeshachelewa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Naanza na ulilouliza mwisho, kwa sababu ndilo lenye haraka: hujachelewa. Mchukue mwanao, nendeni leo hii kwenye kituo cha afya kinachotoa chanjo ya kichaa cha mbwa. Leo, si kesho asubuhi. Kabla ya kutoka fungua hicho kidonda ukioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mkono wa mtoto vivyo hivyo. Mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Sasa asilimia. Hatari yako ina sehemu mbili zinazozidishana. Ya kwanza: je, mbwa yule alikuwa na kichaa? Ya pili: kama alikuwa nacho, je, virusi vilitoka kwenye mate yake vikaingia ndani ya mguu wako?

Tuanze na mbwa. Mbwa mzima akiuma huwa na sababu yake. Amekanyagwa mkia, ana watoto, ameingiliwa kwenye chakula, amebanwa kwenye kona akakosa pa kutokea, au analinda kwao. Wa kwako hakuwa na hata moja kati ya hizo. Alikuwa mgeni, yupo njiani, akamuuma mtu aliyesimama anaanua nguo, akageuka akamparuza mtoto aliyekuja mbio. Kwa maelezo hayo mimi humhesabu mbwa kuwa na kichaa mpaka ithibitike vinginevyo. Na kwa kuwa ameshazikwa siku nne, haitathibitika tena, kwa hiyo tunaendelea kama vile alikuwa nacho.

Watu wengi wanamsubiri yule mbwa anayetokwa povu, macho mekundu, anakimbia ovyo akiuma hata mawe. Yupo wa namna hiyo. Lakini yupo mwingine ambaye mimi namwogopa zaidi, kwa sababu hamtishi mtu. Huyo anapooza. Taya la chini limelegea, mate yanachuruzika kwa kuwa hawezi kuyameza, sauti imekauka, amejificha mahali penye giza. Mwenye mbwa anadhani mfupa umemkwama kooni, anamfungua mdomo, anaingiza mkono kuutafuta. Nimewahi kumpokea mtu wa hivyo. Hakuumwa hata kidogo. Ila vidole vyake vilikuwa na michubuko midogo ya kazi, ile ambayo mtu mwenyewe haihesabu kuwa ni kidonda, na mate ya mbwa yule yalikuwa yamekaa juu yake kutwa nzima. Tulimtibu kama aliyeng'atwa. Mate ya mnyama mgonjwa yakikuta ngozi iliyochubuka, jicho, au ndani ya mdomo, hayahitaji jino.

Niseme jambo moja kuhusu kumuua mbwa, si kwa kukulaumu wewe wala vijana waliokuja kukusaidia, bali kwa wengine watakaosoma. Mbwa akiweza kufungwa au kufungiwa salama bila mtu mwingine kuumwa, msimuue. Virusi hivi vinapita kwenye ubongo wa mbwa kwanza, halafu ndipo vinashuka kwenye tezi za mate. Mbwa ambaye mate yake yana virusi siku anapouma, ubongo wake umeshashambuliwa, na hana siku nyingi za kuishi. Ndiyo maana mbwa au paka akiangaliwa kwa siku 10 tangu alipouma, akabaki mzima, anakula na kunywa kama kawaida, basi siku ile mate yake hayakuwa na virusi, na daktari anaweza kusimamisha chanjo iliyokwisha kuanzwa. Angalia neno hilo: kusimamisha iliyokwisha kuanzwa. Kumwangalia mbwa siku 10 huku mtu aliyeumwa amekaa tu nyumbani ni kosa. Na ikibidi auawe, kichwa kisipondwe, kwa sababu kipimo cha uhakika hufanywa kwenye ubongo. Mwiteni daktari wa mifugo, msimguse kwa mikono mitupu.

Sehemu ya pili ya hesabu huwashangaza wengi. Kuumwa na mbwa mwenye kichaa si lazima upate kichaa. Katika watu 100 walioumwa na mbwa aliyekuwa nacho kweli, wasipate chanjo wala matibabu yoyote, makadirio ni kwamba wanaougua ni kama 15 hadi 20. Wastani huo lakini unaficha tofauti kubwa. Aliyeumwa kichwani, usoni au shingoni, uwezekano wake hufika nusu na kupita. Aliyeumwa mkononi, ni kama mmoja kati ya wanne au watano. Aliyeumwa mguuni, ni kama mmoja kati ya kumi.

Kwa hiyo, dada, namba uliyoitaka ndiyo hiyo: karibu mmoja kati ya kumi, ikiwa mbwa alikuwa na kichaa na wewe ukakaa nyumbani. Huenda suruali ilifuta sehemu ya mate kabla jino halijafika kwenye ngozi, na hapo inapungua. Lakini meno mawili yaliingia na damu ikatoka, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba imeisha.

Kwa nini mguu na uso vitofautiane hivyo? Lazima nikueleze virusi hivi vinasafirije, maana hapo ndipo lilipo pia jibu la kwa nini siku ya nne bado ni mapema.

Vijidudu vingi vya maradhi husafiri kwenye damu. Hivi havitumii damu. Mbwa akikuuma, mate yanaachwa ndani ya nyama ya mguu. Virusi vinaweza kubaki hapo kwenye msuli siku kadhaa au wiki, vikizaliana taratibu. Ikitokea vikakuta mahali ambapo mshipa wa fahamu unaungana na msuli, vinaingia ndani ya mshipa, na kutoka hapo vinapanda kuelekea uti wa mgongo, kwa mwendo wa milimita kadhaa hadi makumi ya milimita kwa siku. Kutoka kwenye kigimbi chako hadi kwenye uti wa mgongo ni safari ndefu. Kutoka shavuni hadi kwenye ubongo ni sentimita chache tu. Tena uso na ncha za vidole zimejaa mishipa ya fahamu, kwa hiyo virusi havihangaiki kuutafuta mlango. Kwenye mguu kuna nyama nyingi na milango michache zaidi, na mara nyingi virusi huangamizwa hapo hapo kabla ya kuupata.

Vikishaingia kwenye mshipa, kinga ya mwili haivioni. Hakuna homa, hakuna uvimbe wala tezi zilizovimba. Na hakuna kipimo cha damu ambacho ningeweza kukupima leo kikaniambia kama vimeingia au havikuingia. Wagonjwa huniomba kipimo hicho karibu kila siku, na huumia ninapowaambia hakipo. Tunamtibu kila mmoja kwa sababu hatuna namna ya kuwatambua wale mmoja kati ya kumi.

Kwa kawaida dalili za kwanza huja baada ya miezi 2 hadi 3. Zinaweza kuja baada ya wiki moja, hasa kwa aliyeumwa usoni, au baada ya mwaka, na kwa nadra sana hata zaidi. Muda huo wa ukimya ndio tunaoutumia. Louis Pasteur aliutumia kwa mara ya kwanza Julai 1885, alipoletewa mjini Paris mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa mara nyingi na mbwa siku mbili kabla. Chanjo nyingine kwa kawaida hutolewa kabla mtu hajakutana na ugonjwa. Pasteur alimchanja mtoto ambaye alishaumwa, sindano 13 katika siku kama 10, akitegemea kwamba kinga itajengeka haraka kuliko virusi vinavyotembea. Mtoto aliishi, akakua, na ukubwani akawa mlinzi wa taasisi yenye jina la Pasteur. Hata yeye, aliyefungua njia, hakuletwa siku ileile.

Nije kwa baba yako. Mzee hasemi uongo, na sitaki uende ukabishane naye. Mbwa wengi waliowauma watu enzi zake hawakuwa na kichaa. Na hata waliokuwa nacho, ukizirudia namba nilizokupa utaona kwamba watu wanane kati ya kumi wangebaki wazima bila kufanyiwa lolote, na walioumwa mguuni ni tisa kati ya kumi. Ina maana kwamba dawa yoyote ya kupaka au ya kunywa, ya mtu yeyote, popote duniani, itaonekana imeponya mara nane au tisa kati ya kumi kabla haijafanya kazi yoyote. Mponyaji ataamini kwa moyo mweupe kwamba dawa yake inafanya kazi, na waliopona watamtolea ushahidi miaka 40. Yule mmoja hawezi kusimulia. Alikufa miezi mitatu baadaye, wakati kidonda kimekwisha kufunga na hakuna aliyekumbuka mbwa, na walioshuhudia wakasema ni homa ya ubongo. Kumbukumbu ya mzee ni ya kweli, ila imekusanywa kutoka kwa waliobaki.

Sasa, huyo mmoja kati ya kumi anapata nini? Hapa nitakuwa mkweli kama ulivyotaka.

Huanza na homa ndogo na maumivu ya kichwa. Mahali alipoumwa, ambapo pameshapona na kuacha kovu, panaanza tena kuuma, kufa ganzi au kutekenya. Baada ya siku chache ubongo wenyewe unawaka. Wengi wanapata ile namna ya fadhaa, wengine kama mmoja kati ya watano wanapooza polepole kuanzia kiungo kilichoumwa. Niliyemwona kwa karibu zaidi alikuwa mtu mzima, mwenye akili timamu, ametembea mwenyewe kuingia chumbani kwangu akilalamika kwamba koo halimezi. Nikampa kikombe cha maji. Alikuwa na kiu, alikitaka, alikipokea kwa mikono miwili. Kilipofika karibu na midomo shingo yake ilikakamaa yote, mikono ikatikisika, maji yakamwagikia kifuani. Akaniomba radhi kwa kulowesha sakafu. Akajaribu tena. Safari ya pili mwili ulikakamaa kikombe kikiwa bado mezani, kwa kukitazama tu. Nilimuuliza kuhusu mbwa. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema kulikuwa na kitoto cha mbwa, kilimng'ata kidole wakicheza, kama miezi mitatu nyuma, kidogo tu, hata hakuona haja ya kumwambia mkewe. Alifariki siku ya tano.

Dalili zikishaanza, hatuna tiba. Mwaka 2004 huko Wisconsin, Marekani, msichana wa miaka 15 aliyeng'atwa na popo alinusurika bila kuwahi kuchanjwa, baada ya madaktari kumlaza usingizi mzito wa dawa. Njia hiyo imejaribiwa kwa wengine wengi baada yake, na karibu wote wamekufa. Katika magonjwa yote ya kuambukiza ninayoyajua, hakuna linaloua kwa uhakika kama hili likishajitokeza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria vifo 59,000 kila mwaka, 99 kati ya kila 100 vikitokana na mbwa, na wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Watoto ni wafupi, meno yanawapata usoni. Na mara nyingi hawasemi, kwa kuogopa kugombezwa.

Ndiyo maana asilimia 10 ya ugonjwa huu siihesabu kama asilimia 10 ya ugonjwa mwingine. Mtu akiniambia ana nafasi moja kati ya kumi ya kupata mafua, nitamwambia akalale. Wewe unayo nafasi hiyo ya kufa, na ukipata matibabu kamili kwa wakati inashuka hadi karibu na sifuri. Wanaochanjwa ipasavyo wakafa hata hivyo ni nadra sana, na ukichunguza kwa kawaida utakuta kuna hatua iliyorukwa: kidonda hakikuoshwa, sindano ya kwenye kidonda haikutolewa, au dozi ziliachwa njiani.

Kwa hiyo nikueleze hatua hizo, ili usiruke hata moja.

Kuosha ni sehemu ya tiba yenyewe, si usafi tu. Virusi hivi vimevikwa ganda la mafuta, na sabuni hulivunja ganda hilo kama inavyovunja mafuta kwenye sahani. Uliposuuza kwa maji peke yake, uliondoa mate ya juu, lakini ya ndani sabuni haijayagusa. Hata siku ya nne, osha. Weka saa ya simu dakika 15, kwa sababu nimewaona watu wakiosha dakika mbili wakaapa ni kumi na tano. Loanisha gaga lililokauka mpaka lilainike, acha maji yapite ndani ya matundu ya meno, tia sabuni, suuza, rudia. Usisugue kwa brashi, unaumiza nyama bure. Ukiwa na ayodini, pakaa mwishoni. Usipake unga, mafuta, majivu, wala kitu chochote kinachochoma. Kidonda kiache wazi, au ukifunike kwa kitambaa safi bila kukaza. Na kituoni wakitaka kushona jeraha la mbwa, waulize kama linaweza kusubiri. Mara nyingi linaweza, na kama haliwezi, lishonwe kwa kulegeza baada ya sindano ya kwenye kidonda.

Sindano hiyo ndiyo watu wengi hawaijui. Inaitwa imunoglobulini, nayo ni kingamwili zilizokwisha tengenezwa, ambazo zinawekwa pale pale virusi vilipo. Chanjo inahitaji kama siku 7 hadi 14 kuufundisha mwili kutengeneza kingamwili zake wenyewe, na imunoglobulini inalinda katika siku hizo za katikati. Inachomwa ndani ya kidonda na kukizunguka, kadiri nyama inavyoweza kupokea. Inauma, sitakudanganya, ila kwenye kigimbi inavumilika kuliko kwenye ncha ya kidole. Kipimo chake hufuata uzito wa mtu: uniti 20 kwa kila kilo ikiwa imetokana na damu ya binadamu, uniti 40 ikiwa imetokana na farasi. Hutolewa mara moja tu, siku ya dozi ya kwanza ya chanjo, au isipopatikana siku hiyo, ndani ya siku 7 tangu dozi hiyo ya kwanza. Wewe hujaanza chanjo, kwa hiyo bado unastahili. Iulize kwa jina lake, maana kuna vituo vyenye chanjo lakini havina hiyo. Ukikuta haipo, usiondoke kwenda kuitafuta kabla hujachomwa chanjo. Anza na chanjo, halafu waulize ipo wapi.

Na sindano za tumboni? Zilikuwepo kweli. Chanjo ya zamani ilitengenezwa kutoka kwenye ubongo wa wanyama kama kondoo, ikawa inachomwa tumboni siku 14 hadi 21 mfululizo, na ilikuwa na madhara yake. Mzee huenda aliwaona waliopitia hayo. Chanjo za sasa hutengenezwa kwenye seli maabara na huchomwa begani, au pajani kwa watoto wadogo sana. Kitakoni hapafai, mafuta ya pale yanapunguza nguvu ya chanjo, kwa hiyo muuguzi akikuambia ugeuke, mwambie unaomba begani. Ratiba hutofautiana kidogo. Kuna ya kwenye msuli: siku ya kwanza inayoitwa siku ya 0, ya 3, ya 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Kuna ya kwenye ngozi: sindano ndogo mbili, moja kila mkono, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Zote zinalinda. Ufuate ya kituo chako, na tarehe zote uziandike kwenye simu kabla hujatoka pale. Dozi ikichelewa siku moja au mbili, nenda ukaendelee, huanzi upya.

Hata angekuwepo msomaji aliyeumwa miezi sita iliyopita na hajawahi kuchanjwa, ningemwambia maneno hayo hayo: kama huna dalili, anza leo. Hakuna siku ambayo mlango unafungwa, isipokuwa siku ya dalili.

Mwanao ana hali tofauti na yako, na ni vizuri ujue ili usishangae akipewa kidogo. Shirika la Afya Duniani limegawa hatari katika makundi matatu. La kwanza ni kumgusa mnyama, au kurambwa kwenye ngozi isiyo na jeraha: hapo unaosha tu. La pili ni mparuzo au mchubuko usiotoa damu: unaoshwa na kuchanjwa bila kuchelewa, ila bila imunoglobulini. La tatu ni jino au kucha iliyotoboa ngozi, mate kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, na popo wa namna yoyote, kwa sababu meno ya popo ni madogo mno, mtu anaweza kung'atwa asione alama: hapo ni vyote vitatu. Wewe ni wa kundi la tatu. Mtoto, kwa ulivyoeleza, ni wa kundi la pili. Lakini mvue nguo mchana, kwenye mwanga, umkague mwili mzima, kichwani ndani ya nywele hasa. Mtoto wa miaka 6 aliyeshtuka hajui amepatwa wapi. Ukikuta hata tundu dogo, muonyeshe muuguzi.

Waambie pia kama una ugonjwa au dawa inayopunguza kinga ya mwili, maana hapo hupewa dozi kamili bila kufupisha. Waulize kuhusu pepopunda na antibayotiki, kwa sababu mdomo wa mbwa una vijidudu vingi hata akiwa mzima. Kadi ya chanjo usiitupe. Ukija kuumwa tena baada ya miaka, mwili unakumbuka: utahitaji dozi mbili tu, siku ya 0 na ya 3, bila imunoglobulini.

Kuhusu kuwashwa. Najua kwa nini umeliandika, na najua umelifikiria usiku. Kidonda kinachowasha siku ya nne, kikiwa kimekauka na kufanya gaga, ni ngozi inayojiunga. Yale maumivu ya kichaa niliyoyaeleza hurudi kwenye kovu lililokwisha pona, kwa kawaida wiki au miezi baadaye. Kikianza kuwa cha moto, chekundu, kutoa usaha, hiyo ni bakteria, na dawa yake ipo.

Kuhusu mtoto wako wa miezi 4. Kuumwa kwako hakujakufanya umwambukize yeyote nyumbani. Ukila, ukilala, ukimbeba, ukimbusu, hakuna kinachopita. Chanjo haimdhuru anayenyonya, imunoglobulini haimdhuru, na mjamzito pia huchanjwa bila wasiwasi. Usimwachishe hata siku moja. Mbebe mwende naye, mnyonyeshe hapo hapo kwenye benchi mkisubiri jina lako liitwe.